Shajara ya mradi wa kubadilishana wasanii: mwaka wa kwanza

Januari

Rasimu ya bajeti imefika. Mwenza wetu ni jumba la maonyesho lililoko Ulaya, ndani ya eneo la Schengen, yaani nchi zinazotumia viza moja. Jina nitaliweka pembeni maana mkataba haujatiwa saini. Mpango kwa ufupi: wachezaji na wapiga ngoma wetu, waigizaji wao, mchezo mmoja mpya, mazoezi pande zote mbili, halafu ziara.

Bajeti mimi huisoma kuanzia chini kwenda juu. Jumla inapendeza. Shida iko kwenye mgawanyo. Watu wao wameandikiwa mishahara, watu wetu wameandikiwa posho. Mtunzi wao wa muziki ana mkataba wa utunzi. Mpigangoma wetu mkuu, ambaye nusu ya muziki wa mchezo inatoka mikononi mwake, ametiwa kwenye mstari wa "washiriki". Mazoezi ya kwao yamepewa wiki kadhaa, ya kwetu wiki moja, tena hiyo moja imeitwa "safari ya utafiti". Hapo hakuna kubadilishana, kuna kualikwa tu.

Sioni hila ndani yake. Mfuko unaotoa fedha unataka mwombaji awe taasisi iliyosajiliwa nchini mwao na hesabu zifungwe huko, na mifuko mingi ndiyo inavyofanya kazi. Lakini anayeshika akaunti ndiye anayeamua nani akatiwe tiketi lini, na akishaamua hilo amekwisha kuamua nani atakuwepo mazoezini siku mchezo unapopata umbo. Kwa hiyo nimemwambia mkurugenzi wetu: kabla mtu hajavua viatu kuingia mazoezini, fedha za kazi ya upande wetu ziingie akaunti yetu, na ijulikane kwa maandishi mchezo ni mali ya nani.

"Na wakikataa, kaka?"

"Watakataa kipengele, dada. Mradi hawaukatai."

Februari

Nimekuwa nikisaka fedha nyingine, hata kidogo, ili tusiende mezani mikono mitupu. Anayeanza kazi hii aanzie kwa On the Move, mtandao unaokusanya matangazo ya ufadhili wa safari za wasanii. Utamwokoa usiku mwingi wa kupekua. Nimepitia pia Mfuko wa Kimataifa wa Uanuwai wa Utamaduni wa UNESCO, uliotokana na Mkataba wa UNESCO wa 2005 wa kulinda uanuwai wa utamaduni, na mfuko wa kazi za pamoja za kimataifa wa Goethe-Institut, taasisi ya utamaduni ya Ujerumani. Huu wa mwisho unahitaji mwenza aliyeko Ujerumani, nasi ziara yetu itapita huko, kwa hiyo nimeuweka akilini.

Huo Mkataba wa 2005 una kifungu cha 16 kinachozitaka nchi tajiri ziwape wasanii wa nchi zinazoendelea upendeleo ili kurahisisha mabadilishano ya utamaduni. Nimekinakili kwenye barua ya maombi. Kinapendeza kukisoma. Kwenye dirisha la viza sijawahi kusikia mtu akikiuliza.

Majibu ya wenzetu kuhusu bajeti yamekuja: mishahara sawa kwa kazi sawa, wamekubali bila ubishi. Fedha kuhamishiwa kwetu, "tutazungumza na mfuko". Wiki ya mazoezi kwetu wameiongeza, lakini ndogo bado.

Machi

Mwezi wa mkataba, na mwezi wa wimbo.

Kuna wimbo mmoja ambao Mzee (ndivyo wote tunavyomwita mpigangoma mkuu) aliufundishwa utotoni na watu wa nyumbani kwao. Hauna mtunzi anayejulikana. Aliuimba kwenye mkutano wa video ili wenzetu wapate ladha, na mtunzi wao akaupenda papo hapo. Baada ya siku chache akatuma faili: wimbo ule ule, nyuzi zimeongezwa, sauti ya pili imeongezwa, umependeza kweli. Juu ya karatasi ya nota pameandikwa jina moja, lake.

Hakuiba. Kwa sheria ya hakimiliki aliyepanga upya wimbo wa jadi anapata haki juu ya mpangilio wake, na wimbo wenyewe, ukiwa hauna mtunzi anayejulikana, mara nyingi hauna anayeweza kuudai. Lakini nota hizo zikisajiliwa namna ile kwenye chama cha kukusanya mirabaha, kila onyesho litamlipa mtu mmoja, na siku kikundi chetu kikitaka kuupiga mpangilio huo kwenye mchezo mwingine, tutaomba ruhusa kwa aliyeusikia kwetu.

Nimeandika kifungu, na wakili anayetusaidia amekinyoosha. Kwanza, wimbo usajiliwe kama wa jadi uliopangwa upya, na asili yake itajwe kwenye kijitabu cha onyesho na kwenye usajili. Pili, mpangilio ni kazi ya wawili, mtunzi wao na Mzee, mirabaha nusu kwa nusu, kwa kuwa mapigo yote ya ngoma ni ya Mzee na hayamo kwenye wimbo wa jadi. Tatu, kila upande unaweza kuupiga bila kumwomba mwenzake.

Hiyo nusu kwa nusu ilileta maneno. Mtunzi wao alisema, kwa upole, kwamba mapigo hayaandikwi kwenye nota, kwa hiyo hayana mwandishi. Mzee alisikiliza tafsiri mpaka mwisho, akavuta ngoma, akapiga yale mapigo, akasimama, kisha akayapiga tena vile vile, pigo kwa pigo. "Mwanangu, mwambie ayaandike sasa."

Yameandikwa. Mkataba wa Berne wa hakimiliki, kwa sura yake ya leo, unalinda muziki na dansi, ila unaiachia kila nchi nafasi ya kudai kazi iwe imenaswa kwenye kitu, karatasi au rekodi, kabla ya kulindwa. Kwa hiyo tumeanza utaratibu: kila mwisho wa wiki ya mazoezi tunarekodi video ya kilichotungwa, na kwenye karatasi moja tunaandika tarehe na nani alileta nini. Karatasi hiyo ina mistari mifupi sana, mfano "hatua za kuingia, za wachezaji wawili wetu, mgeuko wa katikati, wa mwelekezaji wao". Ni kazi ya dakika chache, nayo imetuliza vikao kuliko mkataba wenyewe.

Kifungu cha video kimepita kirahisi. Walitaka haki ya kuonyesha mchezo mtandaoni bila kikomo. Nimewawekea Mkataba wa Beijing wa 2012, ulioanza kutumika Aprili 2020, unaompa msanii haki juu ya onyesho lake lililorekodiwa kwa picha, katika nchi zilizouridhia. Tumekubaliana: vipande vifupi vya matangazo bure, mchezo mzima kwa ruhusa na malipo.

Kwenye kifungu cha majanga nimegoma kidogo. Rasimu ilisema likitokea jambo lisilozuilika kila upande ubebe hasara zake. Mfano ninaoutoa siku zote ni wa 2020: shule ya dansi École des Sables ya Senegal, Pina Bausch Foundation ya Ujerumani na jumba la dansi la Sadler's Wells la London walikuwa wamewakusanya wachezaji kutoka nchi zaidi ya 10 za Afrika kwa ajili ya dansi ya 1975 ya Bausch, mtunzi wa dansi wa Kijerumani. Onyesho la kwanza lilikuwa lifanyike Dakar mwezi Machi. Korona ikafunga njia. Wakalicheza ufukweni jua likizama, kamera zikarekodi, na ziara ikaja kuanza mwaka uliofuata. Jumba lenye ruzuku linaweza kungoja mwaka. Mchezaji anayelipwa kwa onyesho hawezi. Kifungu sasa kinasema mazoezi yaliyokwisha kufanyika yanalipwa yote, na onyesho likifutwa ndani ya siku 30 kabla ya tarehe yake, wasanii wa pande zote wanapata nusu ya ujira.

Aprili

Mazoezi kwa intaneti. Watu walidhani tutaweza kupiga ngoma huku na kucheza kule kwa wakati mmoja. Nilimwachia fundi sauti awaeleze, naye alieleza vizuri kiasi kwamba naandika hapa.

Hewani sauti huenda kama mita 340 kwa sekunde. Wapigaji wawili waliosimama mita 10 kutoka kwa mwenzake wanasikiana kwa kuchelewa milisekunde 30 hivi, na hapo ndipo mkono unapoanza kusitasita. Ndani ya nyaya za faiba mwanga huenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, yaani milisekunde 5 kwa kila kilomita 1,000. Sisi na wao tumetengana kilomita elfu kadhaa, kwa hiyo uvumilivu wote wa sikio unaliwa na umbali peke yake, kabla kompyuta na programu ya mikutano hazijaongeza ucheleweshaji wao, ambao ni mkubwa zaidi. Pale Trieste, Italia, chuo cha muziki cha Tartini na mtandao wa kitaaluma wa GARR walitengeneza mfumo uitwao LoLa ili wanamuziki walio miji tofauti wapige pamoja. Unafanya kazi, lakini unataka intaneti ya vyuo vikuu na vifaa vyake, na umbali una mwisho wake hata hapo.

Basi tumeachana na ndoto hiyo. Tunatumiana rekodi: Mzee anarekodi mapigo, wao wanayachezea, video inarudi, anarekebisha. Mkutano wa video tumeuacha kwa maneno tu, kusoma tamthilia na kugombana kuhusu mwisho wa mchezo.

Mfuko umekubali sehemu ya fedha ihamishiwe kwetu, kwa sharti tukaguliwe hesabu na mkaguzi anayetambulika. Gharama ya ukaguzi haikuwa kwenye bajeti. Imeingizwa, na wao ndio watakaoilipa.

Mei

Wamekuja. Wiki mbili, baada ya kuvutana.

Sitaandika mengi kuhusu waigizaji. Wasanii hupatana upesi. Mabadilishano niliyoyaona ni ya mafundi. Msimamizi wao wa jukwaa alikaa na msimamizi wetu kwenye meza moja gizani, kitabu cha mchezo mbele yao. Yeye huandika kila ishara ya taa na sauti kwa namba pembeni ya maneno, anatangaza "tayari 14", ananyamaza, halafu "sasa", na fundi taa habonyezi mpaka asikie hilo neno la mwisho. Wetu huongoza kwa kumtazama Mzee: Mzee akiinua kiwiko cha kushoto, taa inageuka. Siku ya kwanza walipishana kila mahali, kwa sababu namba ya msimamizi wao ilikuwa imefungwa kwenye neno la mwigizaji, na neno lilikuja kabla ya kiwiko au baada yake. Siku ya tatu kitabu kilikuwa na safu mpya iliyoandikwa "mkono wa kushoto". Ishara 14 sasa inafuata ngoma, 15 inafuata maneno. Sijaona mahali pengine kitabu cha namna hiyo, na nimeagiza nakala ibaki kwetu.

Nimesema na nitaendelea kusema: mradi wa kubadilishana unaowasafirisha wasanii bila mafundi wake unarudi nyumbani na picha tu.

Juni

Viza. Maombi ya viza fupi ya Schengen yanapokelewa mapema kabisa miezi 6 kabla ya safari na si chini ya siku 15. Uamuzi hutolewa ndani ya siku 15, ila unaweza kufika 45. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na ukikataliwa hairudi. Bima ya safari isipungue euro 30,000. Hayo yameandikwa kila mahali. Yasiyoandikwa ni kwamba siku hizo huanza kuhesabiwa ombi linapopokelewa, wakati miadi ya kupeleka ombi yenyewe inaweza kuwa mbali, na wakati wote huo pasipoti ya msanii mwenye maonyesho mengine haiwezi kuwa mahali pawili.

Barua za mwaliko zilikuja na majina ya jukwaani. Ndivyo wenzetu wanavyowajua watu hawa, na mabango ndivyo yanavyosema. Mmoja wa wachezaji, jina lake la pasipoti hata sisi wengi hatukulijua. Barua zimeandikwa upya, kila moja ikiwa na jina la pasipoti, na la jukwaani likifuata baada ya maneno "ajulikanaye kama".

Nimeomba pia viza za kuingia mara nyingi, na kila ombi nimeliwekea ratiba ya ziara. Katikati ya ziara kuna onyesho London, na Uingereza haimo kwenye Schengen. Mwenye viza ya kuingia mara moja akivuka kwenda London amekwisha, harudi. London yenyewe inataka ruhusa yake. Tena viza si ruhusa ya kufanya kazi: kila nchi ya ziara ina kanuni yake kuhusu wasanii wa muda mfupi, na hilo nimemkabidhi mwenza alifuatilie nchi kwa nchi, kwa maandishi.

Julai

Mmoja kanyimwa viza. Barua ni ile ya visanduku, na kilichotiwa alama ni kwamba kuna shaka kama atarudi. Ni mchezaji kijana, hana ajira ya mshahara, hana nyumba, hana mke, yaani ana maisha ya msanii yeyote wa umri wake popote duniani. Tumekata rufaa tukiwa na mkataba wa mwaka wa pili unaoonyesha ana kazi huku baada ya ziara. Rufaa imepita. Nimejifunza kuweka karatasi hiyo tangu mwanzo: mkataba wa kazi inayomngoja nyumbani ni mzito kuliko barua tano za sifa.

Mizigo. Vyombo na mavazi vingeweza kusafiri kwa ATA Carnet, hati moja ya forodha inayoruhusu vifaa kuingia nchi na kutoka bila ushuru ndani ya mwaka mmoja, kwa dhamana. Nchi nyingi za Afrika hazimo kwenye mfumo huo. Aliye nje yake, kama sisi, anaingiza kwa muda na kuweka dhamana ya forodha, na orodha lazima ilingane wakati wa kuingia na wa kutoka: ngoma saba zikiingia, saba zitoke. Vitu vinavyotumika vikaisha, kama rangi za uso na vijitabu vya kugawa, haviingii kwenye orodha ya namna hiyo.

Mpingo ulitupa hofu. Ni wa jamii ya Dalbergia, na karibu jamii hiyo yote iliwekwa mwaka 2017 kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, lakini tangu mwishoni mwa 2019 vyombo vya muziki vilivyokamilika vimeondolewa, kwa hiyo filimbi zetu ziko salama. Magogo yasingepita hivyo. Ngoma ndogo ya Mzee ndiyo iliyokwama. Imewambwa ngozi ya kenge, na kenge wote wamo kwenye CITES. Kuna njia ya kuombea vyombo cheti, ila muda ulikuwa mfupi. Mzee alitazama ile ngoma, akasema ataiwamba nyingine kwa ngozi ya mbuzi na hataki kuulizwa inasikikaje. Tuliisikia. Hakuulizwa.

Agosti

Kodi, kwa kifupi. Mkataba wa kielelezo wa kodi wa OECD, jumuiya ya nchi zilizoendelea kiuchumi, kifungu cha 17, unaruhusu msanii atozwe kodi pale anapocheza hata akikaa siku moja. Ujerumani hukata asilimia 15 ya ujira wa msanii mgeni, na juu yake nyongeza iitwayo ya mshikamano, asilimia 5.5 ya kodi yenyewe, jumla asilimia 15.825. Kwa ujira wa euro 10,000 ni euro 1,582.50. Marekani, kwa anayepanga kwenda, kiwango cha kawaida ni asilimia 30. Kwenye mkataba ujira uandikwe kama ni kabla ya kodi au baada ya kodi, nauli na malazi yakae mbali na ujira, na cheti cha kodi iliyokatwa kidaiwe kabla ya kupanda ndege. Waandaaji hupotea sana baada ya onyesho.

Septemba

Tuko kwao. Zoezi la kwanza kwenye jukwaa halisi limegundua kwamba jukwaa limeinama kuelekea watazamaji. Michoro ilionyesha, lakini mguu hausomi mchoro. Wachezaji wamelipa kwa magoti, na dansi ya mzunguko imepunguzwa duara moja.

Kwa kituo cha Ujerumani wametuuliza cheti cha B1 cha pazia letu, daraja la vitambaa visivyoshika moto upesi kwa kiwango cha DIN 4102. Pazia limefumwa kwa mkono, cheti halina. Fundi wao alikata kipande kwenye pindo, akakipeleka uani, akakiwashia. Kiliwaka chote. Limepuliziwa dawa ya kuzuia moto, limekauka likiwa gumu kidogo na rangi imefifia. Mshonaji wetu hajafurahi, na ana haki.

Oktoba

Onyesho la kwanza limepita. Ukumbi ulijaa. Ishara 14 ilifuata kiwiko. Kijitabu cha onyesho kimetaja wimbo kama tulivyokubaliana, lakini tovuti ya jumba iliweka jina la mtunzi wao peke yake. Yeye mwenyewe ndiye aliyepiga simu wakarekebisha, kabla sijaamka.

Novemba

Tumefunga hesabu. Mkaguzi amepitisha upande wetu, kwa hoja moja kuhusu risiti za usafiri wa ndani. Usajili wa wimbo umekamilika kwa majina mawili.

Mwaka wa pili ndio unaobishaniwa sasa. Nataka mchezo ufunguliwe kwetu, na wao waje na kikosi chao chote, fundi taa na msimamizi wa jukwaa wakiwemo. Wanasema ukumbi wetu hauna uwezo wa kubeba taa zao juu. Fundi wetu amepima, na mabomba yanabeba kama tutapunguza taa na kuzipanga upya; mchoro ameutuma jana. Mfuko wao unalipia nauli za kuja huku kwa mara ya kwanza, hilo limeshaandikwa. Bodi yao inakaa Januari. Barua ya kuomba tarehe za ukumbi inatoka ofisini kesho, wakijibu au wasijibu, kwa sababu tarehe za Agosti huisha mapema.